Mdogo wangu amevunjika mbavu na pingili za mgongo: je, ni sahihi upasuaji usubiri kifua?

Mleta mada: Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Mdogo wangu, utingo wa lori la mbao, amelazwa katika hospitali ya rufaa tangu wiki iliyopita baada ya gari lao kupinduka katika mteremko wa Kitonga. Amevunjika mbavu sita za kushoto, kidari, yaani mfupa wa katikati ya kifua, kina ufa, na amewekewa mpira wa kutoa damu iliyojaa kifuani. Eksirei ya kwanza, iliyopigwa akiwa amelala chali, haikuonyesha tatizo la mgongo. Kesho yake picha ya CT ilibaini kwamba pingili ya 6 na ya 7 za kifuani zimevunjika. Miguu anaichezesha. Daktari bingwa anasema upasuaji wa mgongo utafanyika kifua kikishatulia. Baba mdogo anataka tukodi Noah tumpeleke Dar es Salaam, na shangazi ameshazungumza na fundi wa mifupa wa kijijini. Isitoshe, muuguzi mmoja anataka ainuliwe upande wa kichwa ili apumue, mwingine anasema mgongo usikunjwe. Tumsikilize nani?

Tabibu wa Zamu: Pole sana, ndugu. Msiyachukulie haya kuwa majeraha mawili yaliyokutana kwa bahati mbaya. Kila pingili kati ya zile 12 za kifuani imeshikana na jozi yake ya mbavu, na nyingi ya mbavu hizo huishia kwenye kidari, kwa hiyo nguvu iliyotosha kupasua kidari huenda imefika hadi mgongoni, na mgongo wenyewe hupoteza egemeo lake la mbele.

Kuhusu kusubiri, daktari wenu ana hoja. Upasuaji huu mara nyingi hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa kifudifudi kwa saa kadhaa, damu ikipotea, na pafu lililochubuka linaweza kuzidiwa. Hata hivyo, kusubiri nako kuna hatari yake, maana mtu asiyejongea hukusanya makohozi na kupata nimonia. Ndiyo sababu wapasuaji wengi hupendelea kuimarisha mgongo ndani ya siku 3 za mwanzo iwapo mgonjwa atahimili. Muulizeni kwa heshima ni kitu gani hasa kinachosubiriwa: kiwango cha oksijeni, damu inayotoka kwenye mpira, au nafasi ya chumba cha upasuaji? Likiwa hilo la mwisho, zungumzeni naye habari ya rufaa.

Nesi Mstaafu: Wauguzi wote wawili wako sahihi, mwanangu. Kitanda kizima huinuliwa upande wa kichwani, kwa matofali ikibidi, huku mgongo ukibaki umenyooka. Kugeuzwa ageuzwe kama gogo, na watu wasipungue wanne: mmoja ashike kichwa na kutoa amri, wengine wageuze mabega, nyonga na miguu kwa pamoja. Msifanye hivyo wenyewe saa za kutazama wagonjwa. Mnachoweza ni kusisitiza dawa ya maumivu itolewe kwa wakati, kwa sababu mwenye mbavu zilizovunjika huogopa kukohoa, na kifua kisichokohoa ndicho kinachoziba. Avute pumzi ndefu mara kadhaa kila saa.

Mzee wa Kibaha: Noah hapana kabisa. Akihamishwa, iwe kwa gari la wagonjwa lenye oksijeni, akifuatana na muuguzi, chupa ya mpira ikikaa chini ya usawa wa kifua na mpira usibanwe. Huyo fundi namheshimu kwa uzee wake, lakini mfereji wa neva katika pingili za kifuani ni mwembamba mno. Kipande cha mfupa kikisogezwa kwa kukandwa, miguu inayocheza leo inaweza isicheze tena.

Mleta mada: Nashukuruni. Tumeuliza, na jibu ni oksijeni: bado inashuka akitolewa barakoa. Shangazi ameelewa. Je, tuangalie dalili zipi?

Tabibu wa Zamu: Ganzi mpya au udhaifu wa miguu, kushindwa kukojoa, homa, makohozi ya rangi ya usaha, au kupumua kwa kasi kuliko jana. Mkiona mojawapo, mwiteni muuguzi papo hapo, hata kama ni usiku.