Mpango wa jiji la Dar: wakazi tuitwe kabla ramani haijachorwa, au tuwaachie wataalamu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta hoja, tuijadili bila matusi.

Sensa ya 2012 ilitukuta watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikatukuta 5,383,728. Milioni nzima imeongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wameangukia kwenye makazi ambayo mpimaji anafika nyumba zimeshaezekwa. Sasa nani anaamua barabara ipite wapi, soko likae wapi, nani ahame?

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inataka wadau waitwe mpango unapoanza, na rasimu iwekwe wazi watu watoe maoni. Kwenye karatasi tuko vizuri. Mtaani kwetu rasimu ilibandikwa kweli ukutani pa ofisi ya serikali ya mtaa: mistari na namba tupu. Watu wanatazama, wanaondoka. Siku ya mkutano kijana mmoja akachukua kalamu, akaweka alama msikiti ulipo, mashine ya kusaga ilipo, na kijiwe cha bodaboda. Hapo ndipo watu walipojazana ukutani. Mama mmoja akaonyesha barabara ya mita sita iliyochorwa juu ya mkondo wa maji ya mvua, mkondo ambao kila masika unabeba ndoo na viatu vya watu. Jibu likawa kwamba mpango umeshapelekwa mbele, sisi tumeitwa kupewa taarifa. Huko ni kualikwa harusini masufuria yanaoshwa.

Na hasara yake inaonekana. Aliyekulia Magomeni au Kigogo anajua Mto Msimbazi ukijaa unafika wapi, na mafuriko ya Desemba 2011 yalimkumbusha aliyesahau. Bado karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa Jangwani, bondeni kabisa, na maji yakaja kuyakuta mabasi yamepangwa.

Ninachotaka: tuitwe kabla ya mstari wa kwanza, na kila hoja yetu ijibiwe kwa maandishi. Hii imekubaliwa, hii imekataliwa, sababu ni hii.

Mpima ardhi

Mkuu, umeongea vizuri, ila hujawahi kuendesha hiyo mikutano. Kila mtu anataka barabara, ila ipite kwa jirani. Kwenye urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, watu wanakubaliana mchana kuachia mita moja kila upande, usiku mtu anapandisha ukuta. Na wakati mnajadiliana, shamba la mihogo limeshakatwa ishirini kwa ishirini na misingi imechimbwa. Bomba kuu la majitaka linafuata mteremko wa ardhi, halifuati kura.

Mkazi wa Kigamboni

Mpima, usituambie kwamba kutuita ndiko kunakochelewesha. Huku mwaka 2008 ulitangazwa Mji Mpya, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao. Kuna nyumba ziliishia kwenye lenta, mabati yakaota kutu stoo. Wa kukuuzia kiwanja hayupo, wa kununua chako naye hayupo. Miaka ikakatika, mji haukuja, mwishowe wakala uliokuwa unausimamia ukavunjwa. Nionyeshe hapo haraka iko wapi.

Mchangiaji, Nairobi

Jirani zangu, huku tulijaribu. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa. Ni mtaa wa mabanda wenye zaidi ya familia laki moja, karibu wote wapangaji. Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao wakapanga watu nyumba kumi kumi, kila kikundi na msemaji wake, vikundi vikaungana hadi ngazi ya mtaa. Kwenye barabara walikubaliana zipunguzwe upana kuliko ule wa vitabuni ili nyumba chache zaidi zibomolewe. Baadaye lami, mitaro na zahanati vilifika. Lakini msije mkadhani tulimaliza: mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua barabara ya kuunganisha na ile Expressway, barabara ya kulipia, na maelfu ya watu wakalala nje. Kushirikishwa hakujawapa ardhi.

Mpangaji, Manzese

Mnaongea kama Dar yote ina hati. Mkutano unaitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Ukiomba ruhusa ukaenda, unaulizwa mwenye nyumba wako yuko wapi. Fidia ikija, anachukua yeye. Mimi naambiwa nihamishe godoro.

Mleta mada

Mpangaji, umenigusa pabaya. Kwenye hoja yangu sikukuweka, na sheria zetu za fidia nazo zinamtazama mwenye mali kuliko anayelala humo. Mikutano iwe Jumapili alasiri, na mpangaji ahesabiwe mkazi kama mwingine yeyote. Hilo halihitaji hela ya mfadhili.

Mpima, kwa bomba kuu nakubali, hatulipigii kura. Ila usiniambie wakazi na wahandisi hawawezi kukaa meza moja. Mwaka 2018 walikaa miezi kadhaa juu ya Bonde la Msimbazi, serikali, wataalamu na watu wa bondeni, wakatoka na mpango ambao Benki ya Dunia iliupa mkopo mwaka 2022. Mvutano wa fidia ulikuja hata hivyo, sikatai, lakini angalau watu walijua mto unapewa nafasi kiasi gani na kwa nini.

Nawe nijibu moja. Hifadhi ya Barabara ya Morogoro, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, mita 121.5 kila upande kutoka Kimara kwenda Kiluvya: watu walijenga, wakavutiwa umeme, wakaishi miaka, nyumba zikaja kubomolewa 2017. Hiyo ramani ilikuwa imebandikwa wapi muda wote huo?