Kampuni kubwa ianzie wapi kushirikiana na kampuni changa: mashindano, mfuko wa hisa au kununua bidhaa zake?

Mdadisi
Habari zenu wakuu. Nimehamishiwa katika kitengo kipya cha ubunifu cha kampuni ya bima, na uongozi unataka kabla ya mwaka wa fedha kwisha tuwe na jambo la kuonyesha kuhusu ushirikiano wetu na kampuni changa za teknolojia. Wapo wanaopendekeza mashindano yenye zawadi, wapo wanaotaka tuanzishe mfuko wa kununua hisa, na mkurugenzi wa fedha haoni sababu ya lolote kati ya hayo. Kwa waliowahi kulifanya, tuanzie wapi?

Karani wa Manunuzi
Mashindano yaacheni. Mshindi akishakabidhiwa hundi na kupigwa picha, hakuna idara inayomsubiri. Tafuteni kwanza mkuu wa idara mwenye tatizo linalomnyima usingizi na bajeti ya kulitatua, ndipo mtafute kampuni changa inayolimudu. BMW ilianzisha Startup Garage mwaka 2015 kwa msingi huo: badala ya kuchukua hisa, inakuwa mteja wa mapema, inaagiza na kulipia teknolojia ambayo bado haijakomaa, na wahandisi wake wanaijaribu wenyewe.

Kikwazo kikubwa mtakikuta kwenye makaratasi. Fomu ya kusajili wazabuni niliyokuwa nikiisimamia ilidai hesabu zilizokaguliwa za miaka 3, kwa hiyo kampuni yenye umri wa mwaka mmoja ilienguliwa kabla mtu yeyote hajasoma inauza nini. Iliyopenya ililipwa siku 90 baada ya kuwasilisha ankara, na huo ni muda wa kutosha kuifilisi. Tengenezeni fomu fupi kwa mikataba midogo, la sivyo kitengo chenu kitakuwa cha kupokea wageni tu.

Mwasisi
Naunga mkono nikiwa upande wa pili wa meza. Msiombe majaribio ya bure kwa ahadi kwamba jina lenu litatufungulia milango. Kisicholipiwa hakina mwenyewe ndani ya kampuni. Kabla ya kuanza, andikeni kipimo cha mafanikio na mtajeni atakayesaini mkataba kamili kikifikiwa.

Tena, wanasheria wenu wasidai haki zote za programu. Watawakumbusha kwamba IBM iliiachia Microsoft haki ya kuwauzia watengenezaji wengine mfumo endeshi wa kompyuta yake binafsi, na ni kweli kwamba Microsoft ilitajirika kwa haki hiyo. Lakini IBM nayo ilipata ilichokihitaji: mradi ulioidhinishwa mwaka 1980 uliingia sokoni Agosti 1981, kasi ambayo kampuni ya ukubwa ule isingeifikia kwa kujitengenezea kila kitu.

Mhasibu wa Zamani
Kuhusu mfuko, mimi ningeuahirisha. Hisa zinaweza kupanda thamani bila kampuni yenu kubadilika hata kidogo. Xerox iliwekeza dola milioni 1 katika Apple mwaka 1979 na kuwaruhusu watu wa Apple waone kazi za maabara yake ya PARC. Uwekezaji ule haukuisaidia Xerox kuuza kompyuta zake yenyewe. Kompyuta yake ya Star, iliyotoka mwaka 1981 kwa zaidi ya dola 16,000, ilipata wanunuzi wachache, na Apple ikaja na Macintosh mwaka 1984. Mkurugenzi wenu wa fedha ana hoja, ingawa pengine si kwa sababu anayoidhani.

Mdadisi
Nashukuru sana. Idara ya madai imekubali kuwa ya kwanza, maana mafaili yanarudishwa kila siku kwa kukosa nyaraka. Sasa idara ya usalama inakataa taarifa za wateja zitoke nje. Hili mlilivukaje?

Mwasisi
Wako sahihi kukataa. Tupeni madai ya kubuni yenye makosa yale yale yanayowasumbua: risiti isiyosomeka, tarehe zinazogongana, fomu isiyo na saini. Programu ikishindwa hapo, mtakuwa mmeiondoa kwa gharama ndogo. Ikifaulu, tutakuja kuifunga kwenye mitambo yenu chini ya macho ya idara hiyo hiyo, taarifa zikiwa palepale zilipo.