Tupeane uzoefu: unafunguaje faili haraka kwenye kompyuta bila kuzunguka mafolda?

Wakuu habari za mihangaiko. Tupeane uzoefu kwenye hili, maana muda unaopotea maofisini hapa Dar kutafuta dokumenti ni mwingi mno, mtu anafungua folda, ndani folda nyingine, na mteja kasimama anamwangalia tu. Mimi niko kwenye kliaringi mitaa ya Posta, natumia PowerToys Run, programu ya Windows ya kuita mafaili kwa kuandika, ni ya Microsoft wenyewe na ni bure. Nabonyeza Alt na Spesi, kiboksi kinatokea, naweka alama ya kuuliza ili ilete mafaili peke yake, naandika tarakimu chache za namba ya kontena, Enta, invoisi hiyo hapo. Mausi sijaigusa. Taja unachotumia na mashine yako ikoje, ushauri wa mwenye kompyuta ya nguvu haumsaidii mwenye ram ya GB 4.

Mdau, steshenari Ubungo:
Mimi natumia Everything mkuu, programu ya kutafutia mafaili kwenye Windows, ya voidtools, wala sibadilishi. Haipekui folda moja moja, inasoma ile orodha ya mafaili ambayo diski ya NTFS (mpangilio wa kawaida wa diski za Windows) inayo tayari, ndo maana majibu yanaanza kushuka hujamaliza hata kuandika, na mashine hata haistuki. Dogo wa chuo anakuja "kaka ile ripoti yangu ya field ulonichapia ipo?", naandika jina lake na field, mshale chini, Enta, printa inaanza kuunguruma na yeye ndo kwanza anatoa hela mfukoni. Angalizo: flashi za wateja nyingi ni FAT32, mpangilio mwingine huo, hizo haziingii zenyewe, inabidi uende kwenye setingi uongeze folda kwa mkono. Na inatafuta majina ya mafaili, usitegemee ikusomee na yaliyomo ndani.

Mwalimu, Mbagala:
Kwetu kompyuta ni ya shule, kuinstoo kitu hairuhusiwi. Nikaamua kutumia ya Windows yenyewe. Faili la maksi nalifungua kila siku, kwahiyo nimeliwekea shotikati dekstopu, nikabofya kulia, Properties, pale kwenye Shortcut key nikabonyeza M, ikajiandika Ctrl + Alt + M. Sasa nikizibonyeza tu karatasi ya maksi inafunguka. Kwa mafaili ya kila siku sioni haja ya programu nyingine yoyote, ila shotikati ibaki dekstopu au kwenye menyu ya Start, ukiipeleka kwingine haiitiki.

Mdau wa Mac, Mikocheni:
Huku kwenye Mac kuna Spotlight, kitafutio chake chenyewe, ipo tangu 2005, Command na Spesi basi. Mimi natumia Alfred, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, unaanza na spesi ndo jina la faili.

Mhasibu, Kariakoo:
Niseme jambo ambalo naona mnalipita. Programu zote hizo zinakuitia faili kwa jina, sasa kama mafaili yako ni "Document1", "final", "final mpya kabisa", hata uinstoo kumi utabaki kusoma orodha kama mtu anayetafuta jina lake ubaoni. Ofisini kwetu tunaanza na jina la mteja, kisha aina ya karatasi, kisha mwaka na mwezi, mfano "juma-ritani-2024-06", yaani ritani ya kodi ya Juma. Naandika "juma ritani", yanakuja ya Juma tu, na kwakuwa mwaka umetangulia mwezi yanajipanga yenyewe kwa mfuatano. Hili nalisisitiza sana kwa vijana wanaoanza kazi, jina lipangwe siku ile ile faili linapozaliwa, mambo ya kusema nitalibadilisha baadaye hayafanyiki.

Mleta mada:
Mhasibu umenena. Sisi tunaanza na tarehe, ndo maana nikitafuta mteja kwa jina yananijia mchanganyiko. Mwalimu, hiyo yako naiweka leo kwa faili la ushuru. Na steshenari, hivyo Everything ukiipa kitufe chake haigombani na Alt na Spesi? Nataka niziweke zote mbili.

Steshenari Ubungo:
Haigombani, wewe mwenyewe ndo unaichagulia kitufe kwenye setingi. Ipe kingine tu.