Nililipia sauti ya Garratt nikarudishiwa kelele: fundi, njoo ujibu hapa

Ndugu wanajukwaa, nimejizuia siku tatu kabla ya kufungua uzi huu, ili kila neno nitakaloandika niweze kulisimamia. Jina la fundi sitalitaja, wala duka lake Dar es Salaam. Yeye mwenyewe husoma humu, na akiona habari ya Garratt ya mwalimu wa Dodoma atajijua bila kuelekezwa.

Mashine ninayoizungumzia ni kielelezo, yaani treni ndogo ya kuigiza, cha Garratt, injini ya mvuke ya daraja la 59 ya Reli ya Afrika Mashariki, kwa kipimo cha 1:87, inayotembea juu ya reli ya milimita 12. Mashine halisi zilikuwa 34, zikatengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya kwetu na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, na mojawapo ni namba 5930, Mount Shengena, yenye jina la mlima wa Upareni. Hiyo ndiyo niliyoijenga kwa mabati ya shaba, usiku baada ya kusahihisha madaftari, kwa miaka minne. Marehemu babu yangu alifanya kazi kwenye injini za mvuke za Reli ya Kati, na jinsi alivyotuigizia kwa mdomo sauti ya Garratt ikipanda mlima ndiyo iliyonifanya niianze kazi hii.

Naomba mnivumilie niieleze sauti yenyewe, kwa sababu lalamiko langu lote limesimama hapo. Garratt ina boila moja iliyolala katikati, na chini yake injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikiwa na silinda zake mbili na magurudumu yake. Injini ya silinda mbili hutoa mipumuo minne kila gurudumu likizunguka mara moja. Lakini injini hizi mbili hazikufungwa pamoja, kwa hiyo taratibu huachana hatua: kuna wakati zinapumua kwa pamoja, ukasikia mipumuo minne mizito, kisha zinaanza kupishana, ikawa minane ya haraka haraka, halafu zinakutana tena. Aliyewahi kuisikia hawezi kuichanganya na treni nyingine yoyote. Maelezo haya yote nilimwandikia fundi kabla sijampa hata shilingi moja, naye akanijibu, "Nimekuelewa vizuri mwalimu, itatoka ile ile." Nikapanda treni ya umeme kutoka hapa Dodoma nikiwa nimeipakata mashine magotini hadi Dar es Salaam, nikamkabidhi mkononi pamoja na spika mbili na dekoda mpya ya LokSound 5, kile kibao kidogo cha elektroniki kinachoongoza mwendo na sauti, na nikamlipa fedha yote ya ufundi.

Iliporudi niliiweka relini, nikaiwasha. Ilichotoa kilikuwa mkwaruzo.

Sikutaka kumhukumu mtu kwa masikio peke yake, kwa hiyo nilipima. Gurudumu la kusukuma la mashine halisi lina kipenyo cha mita 1.37, katika kielelezo changu halifiki milimita 16, maana yake mzunguko wake ni kama milimita 50, na mpumuo mmoja unapaswa kusikika kila milimita 12 hivi za mwendo. Nilitia nukta ya rangi nyeupe ya kucha kwenye ukingo wa gurudumu, nikaiendesha kwa mwendo wa chini kabisa, nikairekodi video kwa simu na kuitazama polepole. Katika mizunguko kumi nilipaswa kuhesabu mipumuo 40, hata kama injini zote mbili zingepumua pamoja. Nilihesabu 17. Nikarudia mara tatu, mke wangu akihesabu upande wake bila kuona namba zangu, tukapata 17, 18 na 17. Tena ni mipumuo ya injini moja tu, isiyoachana na kitu wala kukutana na kitu.

Baada ya hapo nilisoma vigezo, yaani zile CV, namba za mipangilio ambazo kila dekoda ya DCC, mfumo wa kidijitali wa kuendesha treni ndogo, inazo. Anwani niliyomwomba, yaani namba ambayo kidhibiti huiitia mashine, ni 5930, ambayo huandikwa kwenye CV17 na CV18. Niliikuta mashine ikiitikia anwani 3, kama dekoda inavyotoka kiwandani. Kigezo pekee nilichokiona kimeguswa ni CV63, ukubwa wa sauti, nacho kimesukumwa hadi 192, kikomo chake cha mwisho, ndiyo sababu spika ndogo kama kidole gumba zilikuwa zinakwaruza. CV57 na CV58, ambazo kazi yake hasa ni kuoanisha mipumuo na magurudumu, hazikuguswa. Mota haikusawazishwa kabisa, ingawa katika dekoda hii unaandika 0 kwenye CV54, unaiweka mashine kwenye reli iliyonyooka, unabonyeza kitufe cha F1 kwenye kidhibiti, inakimbia kwa sekunde chache na kujipima yenyewe. Ndiyo maana yangu huondoka kwa kushtuka, wakati mashine nzito kama ile inatakiwa ivute pumzi kwanza ndipo isogee. Kwa dekoda sina ugomvi wowote, ni kifaa kizuri kilichoangukia kwenye mikono isiyojali.

Hasira yangu hasa ilianza nilipofungua bodi ya mashine. Spika zangu ni za omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kila moja, na dekoda hii haitaki mzigo ulio chini ya omu 4. Fundi amezifunga sambamba, nikaweka mita nikasoma chini ya 2, na sasa nikaelewa kwa nini baada ya dakika kumi sauti ilikuwa inakatika na dekoda inaunguza kidole. Angezifunga kwa mfululizo angepata omu 8 na kila kitu kingekuwa salama. Tena hakuzijengea vikasha. Kila anayeshika kazi hii anajua kwamba sauti ya mbele ya spika na ile ya nyuma yake zikikutana huuana, hasa zile nzito, na kwamba kasha lazima lizibwe kila ufa. Yeye amezibandika kwa gundi ya karatasi ndani ya tangi la mbele, uso ukitazama ukuta wa shaba.

Halafu waya. Injini za Garratt hugeuka kila moja kwa upande wake kwenye kona, kwa hiyo waya zinazovuka kiungio lazima ziwe laini kama uzi. Huyu amepitisha waya mgumu wa kufungia taa za nyumbani, na matokeo yake injini ya mbele inanyanyuliwa na kutoka relini kwenye kila kona ambayo kabla ya hapo iliipita bila shida. Kapasita ya kuhifadhi umeme, ambayo niliilipia kando kwa sababu vumbi la Dodoma halikawii kutanda juu ya reli na kukata mawasiliano, haimo kabisa. Nimeitafuta kuanzia tangi hadi chumba cha dereva.

Nilipompigia simu akaniambia, "Mwalimu, treni zote zinalia hivyo, wewe umezoea za umeme." Nilipomtumia video na hesabu, akanifungia mawasiliano. Maneno hayo yameniumiza kuliko fedha, kwa sababu nilimkabidhi sauti ambayo wengi wetu hatutaisikia tena ikitoka kwenye mashine yenyewe, naye hakuona sababu ya kukaa nayo hata nusu saa.

Wenzangu mlio na mashine kwake, msichukue mzigo kabla hajawaonyesha vigezo alivyoviandika, na kabla hamjaiona ikipita kona mbili mbele ya macho yenu.

Na wewe fundi, sikuombi uirudie kazi, kwa sababu mashine hii huigusi tena. Ninadai fedha ya ufundi na fedha ya kapasita ambayo hukuifunga. Spika nimekwisha kuzifunga kwa mfululizo mwenyewe, na jana usiku nimeanza kukata vikasha. Namba yangu ya simu unayo, ni ile ile uliyoifungia.