Kizimba cha chatu katika baridi ya Lubumbashi: kioo au mbao?

Mwalimu wa Kampemba

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Mwenzangu wa kazi alipohama nchi mwezi wa Machi aliniachia chatu wake pamoja na karatasi zake zote, nami nilikubali kwa furaha kabla ya kufikiri sana. Ni chatu wa aina ya Python regius, yaani yule mfupi ambaye makao yake ya asili yanaanzia Senegali hadi Uganda, na ambaye akitishwa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Ana urefu wa sentimita 110. Kwa sasa anaishi ndani ya tangi la kioo lililokuwa la samaki, lenye urefu wa sentimita 80 na upana wa 40, ambalo juu lina kifuniko cha wavu na chini limewekewa mkeka wa umeme wa wati 20.

Wakati wa mvua sikuona tatizo lolote. Lakini tangu kiangazi kilipoingia na usiku wetu wa Juni kuanza kuuma, asubuhi nakuta kipimajoto cha ndani kinasoma nyuzi 19, na siku ambazo umeme umekatika tangu jioni kinasoma 17. Mara tatu mfululizo amekataa panya. Nimeamua kumjengea kizimba kipya, ila sijui kama nibaki na kioo, ambacho kinapendeza na wageni wanamwona vizuri, au nihamie kwenye mbao. Naomba pia mnieleze vipimo, na namna ya kukabiliana na saa zisizo na umeme, kwa sababu jenereta sina na sitarajii kuwa nayo.

Fundi seremala, Katuba

Papa Mwalimu, hilo tangi mrudishie samaki. Kioo pande zote na wavu juu ni sawa na kuotea moto nje ya nyumba: joto lote linapanda na kutoka kupitia wavu, nawe unabaki kulipia kupasha hewa ya sebule.

Nimejenga vizimba viwili vya namna hiyo kwa wateja, na vyote nilivitoa kwenye ubao mmoja mmoja wa tripleksi (plaiwudi). Ubao mzima una sentimita 244 kwa 122. Ukikata vipande vinne vya sentimita 122 kwa 61, cha kwanza ni sakafu, cha pili ni paa, cha tatu ni ukuta wa nyuma, na cha nne unakigawa katikati upate kuta mbili za ubavuni. Hakibaki kitu cha kutupa isipokuwa unga wa msumeno, ambao nao utakula milimita chache, kwa hiyo usishangae vipande vikipungua kidogo. Chagua tripleksi ya milimita 15 au 18. Ya milimita 9 itajipinda ikishapata unyevu. Mbele unatengeneza fremu ya mbao ngumu, unaacha ukingo wa sentimita 10 chini ili matandiko yasimwagike, kisha unaingiza vioo viwili vinavyoteleza kwenye reli za plastiki. Mlango wa mbele ni bora kuliko wa juu, kwa sababu nyoka huogopa kitu kinachomshukia kutoka juu. Kwake huyo ni mwewe.

Kuhusu mapengo, kumbuka kwamba pale kichwa kinapopita mwili wote utapita, na chatu ana nguvu za kusukuma usiku kucha bila kuchoka. Vioo vinavyoteleza vifungwe kwa kufuli ya vioo au angalau kabari ya mbao. Mteja wangu mmoja alipuuza jambo hilo, na nyoka alipatikana siku nne baadaye nyuma ya friji, mahali penye joto, akiwa mzima na mchafu.

Ziba viungo vyote vya ndani kwa silikoni ile isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, halafu paka vanishi ya maji tabaka tatu. Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Silikoni inayonuka siki bado haijakauka, na vanishi inayonuka chochote bado haijakauka; acha kizimba wazi kwa wiki mbili nzima, hata kama nyoka anakutazama kwa huzuni. Usitumie kabisa mbao za mwerezi, kwa maana mafuta yake yenye harufu nzuri kwetu yanawadhuru nyoka.

Jambo la mwisho, ambalo sijaliona likiandikwa na watu wa Ulaya: kiweke kizimba juu ya miguu minne, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya injini. Mchwa watakula tripleksi yako, lakini siafu watamla nyoka wako.

Fundi umeme

Naunga mkono yaliyosemwa na fundi seremala, na ningependa kuongeza hesabu, kwa sababu swali la kioo au mbao kwa hakika ni swali la kiasi gani cha joto kinatoka.

Kizimba cha vipimo hivyo kina eneo la nje la karibu mita mraba 3.7. Tuseme ndani unataka wastani wa nyuzi 27 na chumba usiku kina nyuzi 17, yaani tofauti ya nyuzi 10. Kikiwa na tripleksi ya milimita 15 na kioo mbele, kitapoteza takriban wati 100 mfululizo. Ukizungushia paa, mgongo, ubavu na sakafu kwa frigoliti ya sentimita 3, ile nyeupe inayofungashiwa televisheni, upotevu unashuka hadi karibu wati 50, na zaidi ya nusu ya hizo zinatoka kupitia kioo cha mbele peke yake. Ukikifunika kioo kwa blanketi zito usiku, unapunguza tena. Frigoliti ibaki upande wa nje, na ifunikwe kwa ubao mwembamba, maana inashika moto upesi na haifai kuwa karibu na waya zilizo wazi.

Kwa chanzo cha joto napendekeza taa ya seramiki isiyotoa mwanga, ya wati 80 au 100, kwenye kishikizo cha kaure na si cha plastiki, iliyozungushiwa kizimba kidogo cha wavu wa chuma. Uso wa taa hiyo hupita nyuzi 200, na nyoka hana akili ya kuondoka anapoungua; atajizungusha kwenye kitu cha moto na ngozi itaiva polepole. Kwa sababu hiyo hiyo kifaa cha kudhibiti joto si anasa. Kichunguzi chake kifungwe imara karibu na sehemu ya joto, mahali ambapo nyoka hawezi kukisogeza; kikitumbukia kwenye bakuli la maji kitasoma baridi, na taa itawaka bila kukoma. Weka pia kidhibiti volti, kwa kuwa umeme unaporudi ndipo unapoua vifaa.

Sasa saa za giza. Wengi hufikiria betri ya sola, kwa hiyo tupige hesabu tena. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina nishati ya wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu utumie nusu tu, yaani 600. Kifaa kinachobadili umeme nacho kinakula sehemu yake. Taa ya seramiki inayovuta wastani wa wati 50 itaimaliza nusu hiyo kwa saa 10 au 11. Inawezekana, ila ni betri nzima kwa ajili ya nyoka mmoja, na watoto nao wanataka kusoma.

Maji ya moto ni rahisi zaidi. Kidumu cha lita 5 chenye maji ya nyuzi 60, kikipoa hadi nyuzi 30, kinatoa wati-saa kama 175. Vidumu viwili vilivyovikwa taulo nene, vikiwekwa nyuma ya kizuizi cha mbao chenye matundu ili nyoka asivikumbatie, vinakupa kati ya saa 6 na 7 za joto katika kizimba chenye frigoliti. Katika tangi lako la sasa havitakufikisha mbali.

Maji hayo mtayachemsha kwenye mbabula, yaani jiko la makala (makaa), najua. Nakuomba mbabula ibaki uani. Usiiingize chumbani eti kwa ajili ya kumpasha nyoka, hata kama makala yameshakuwa mekundu na hayatoi moshi, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka kwenye makala haina harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa kwa baridi ya Juni ndicho inachokipenda.

Mwanafunzi wa tiba ya mifugo, UNILU

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni wa UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na naomba kuzungumzia nyoka mwenyewe, kwa kuwa mafundi wameshamaliza kizimba.

Kukataa panya mara tatu kusikutishe. Chatu wa aina hii aliyekomaa anaweza kufunga kwa miezi kadhaa bila madhara, mradi uzito hauporomoki. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike. Kinachonitisha mimi ni kinyume chake, yaani siku atakayokubali kula wakati kizimba ni baridi. Nyoka hawezi kusaga chakula bila joto. Panya ataozea tumboni, naye atamtapika, na kutapika kunamdhoofisha kuliko njaa. Usimlishe hadi uwe na uhakika wa joto kwa siku mbili au tatu zinazofuata, na ukiona anafungua kinywa, anakoroma au ana mapovu puani, hayo ni mapafu, usisubiri.

Lenga nyuzi 31 hadi 33 upande mmoja na 25 hadi 27 upande mwingine, na usiku usishuke chini ya 24. Kizimba chenye joto sawa kila mahali ni kibaya hata kama joto hilo ni zuri, kwa sababu nyoka anajirekebisha kwa kuhama. Kwa hiyo weka maficho mawili yanayofanana, moja kila upande. Ukiweka moja tu, atachagua usalama na kuvumilia baridi. Maficho yawe finyu kiasi cha kumgusa pande zote. Sufuria kuukuu ya udongo iliyovunjika ukingo inatosha.

Matundu ya hewa yatobolewe chini upande wa baridi na juu upande wa joto, ili hewa ipite yenyewe. Yalainishwe kwa msasa kutoka ndani, la sivyo atajichubua pua.

Mzee wa Kipushi

Mimi nina neno moja tu. Mnahangaika na blanketi na vidumu kwa sababu mnafuga mgeni. Yule nyoka wetu wa kahawia anayeingia majumbani kufuata panya, mwenye mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa, hana sumu, ni mdogo, na baridi ya Katanga anaifahamu tangu utoto.

Mwanafunzi wa tiba ya mifugo, UNILU

Mzee wangu, ni kweli huyo nyoka wako wa kahawia, Boaedon, ni mpole na anahitaji kizimba kidogo. Lakini porini usiku wa Julai anajichimbia shimoni, hakai juu ya sakafu ya saruji, kwa hiyo naye anahitaji upande wa joto wa nyuzi 28 au zaidi. Tena nisingependa wasomaji waanze kuokota kila nyoka wa rangi ya kahawia au nyeusi uani, kwa sababu yuko mwingine mdogo mweusi mwenye macho madogo sana, Atractaspis, ambaye anachoma kwa jino la pembeni bila kufungua kinywa, na haiwezekani kumshika nyuma ya kichwa kwa usalama. Kumtoa mnyama porini nako kuna sheria yake, ile ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile. Waulizwe kwanza ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa maumbile. Na Mwalimu azitunze vizuri zile karatasi alizoachiwa, maana chatu wote wamo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Mwalimu wa Kampemba

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tano. Kizimba kimesimama, makopo ya mafuta yapo chini ya miguu, na mke wangu ameacha kuuliza lini tangi litaondoka sebuleni. Frigoliti niliipata kwa muuza friji bila malipo. Usiku mmoja umeme ulikatika saa moja jioni na kurudi saa nane usiku; kwa vidumu viwili na blanketi upande wa joto ulishuka hadi 26 na wa baridi hadi 23. Juzi amekula, baada ya siku 61, na joto lilikuwepo siku zote mbili zilizofuata.

Limebaki tatizo moja. Kipimaunyevu kinasoma asilimia 38, na amebambua ngozi vipande vipande.

Mwanafunzi wa tiba ya mifugo, UNILU

Hewa ya kiangazi ni kavu, na taa inaikausha zaidi; unahitaji asilimia 55 hadi 70. Ziba nusu ya matundu ya juu, sogeza bakuli la maji katikati, na utengeneze ficho la tatu kwa kopo la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa, ndani yake taulo mbichi iliyokamuliwa, ambayo utaibadilisha kila siku mbili ili isiote kuvu. Ngozi iliyobaki usiivute. Hasa angalia ncha ya mkia na macho: ikibaki hapo, mlete kitivoni kwetu.

Fundi seremala, Katuba

Na kufuli umeweka?

Mwalimu wa Kampemba

Kabari kwanza. Kufuli nitanunua Jumamosi.

Fundi seremala, Katuba

Nunua leo.