Nikolaus Herman: wimbo wake wa Noeli ni wa watoto tu?

Mwalimu wa kwaya ya watoto, Katuba, Lubumbashi

Wapendwa, salamu katika Bwana. Katika kitabu cha nyimbo alichoniachia marehemu baba, ambacho bado kimevikwa karatasi ya mfuko wa saruji, kuna wimbo wa Noeli ambao chini yake limeandikwa jina N. Herman na mwaka 1560. Watoto wangu waliushika kwa jioni moja, lakini wazee wa kwaya kubwa wanauona mwepesi mno kuimbwa mbele ya kusanyiko siku ya sikukuu. Je, Herman alikuwa mchungaji, na aliwaandikia akina nani?

Mzee wa kanisa, Kamalondo

Mwalimu, hakuwa mchungaji. Nikolaus Herman, mzaliwa wa Altdorf karibu na Nürnberg, Ujerumani, alifundisha katika shule ya Kilatini ya Joachimsthal, huko Bohemia (Ucheki ya leo), na kuongoza uimbaji kanisani, hadi alipofariki huko mwaka 1561. Mji huo sisi watu wa Lubumbashi tungeuelewa haraka, kwa maana ulizaliwa na mgodi: madini ya fedha yalipogunduliwa, mnamo 1516, watu walimiminika kwa maelfu, na sarafu zilizofuliwa huko zikaitwa thaler, jina lililozaa neno dola tunalolitamka sokoni kila siku.

Mchungaji alikuwa rafiki yake Johannes Mathesius, aliyewahubiria wachimbaji kwa mifano ya kazi yao wenyewe, na husimuliwa kwamba kila mahubiri yake yalipogusa mioyo, Herman aliyageuza kuwa wimbo. Kitabu cha Herman cha nyimbo za Injili za Jumapili, cha mwaka huohuo wa 1560, kinatamka katika kichwa chake kwamba ni kwa ajili ya watoto na akina baba wa nyumba za Kikristo. Wepesi huo aliukusudia.

Mama mpiga kinanda, Ruashi

Papa amesema kweli. Ikiwa ni ule unaoanza kwa kuwaita Wakristo wote wamsifu Mungu, una beti 8, na mstari wa mwisho wa kila ubeti hurudiwa, ili hata asiyejua kusoma aweze kuitikia. Ubeti mmoja husema kwamba Kristo anakuwa mtumwa nami nakuwa bwana, kisha unashangaa: mabadilishano gani haya! Katika mji uliofua sarafu, neno hilo kila mtoto alilijua kutoka mezani kwa wazazi wake. Ubeti wa mwisho, unaosema kwamba mlango wa paradiso umefunguliwa tena, mtunzi mkuu wa muziki Johann Sebastian Bach aliufanya hitimisho la kantata yake (utungo wa waimbaji na ala) ya Noeli ya mwaka 1725, naye hakuuona mwepesi mno.

Mwalimu wa kwaya ya watoto

Asanteni sana, Papa na Mama. Jumamosi nitawaomba wazee wauitikie mstari ule wa mwisho, watoto wakitangulia bila kinanda.