Tupeane uzoefu: katuni ya Musa imewahi kukuaibisha mbele ya watoto?

Mwalimu wa Kayamba
Wakuu, shalom. Leo darasa la watoto kanisani nimefundisha Musa kuokotwa mtoni. Nikasema aliyemwokota ni binti Farao. Katoto ka miaka minane kakanyoosha mkono: "Mwalimu, siyo binti, ni mke wa Farao. Nimemwona." Darasa zima likamuunga mkono! Kumbe wote wameshaiangalia The Prince of Egypt, ile ya 1998. Nikawasomea Kutoka 2:5, wakaniangalia kama mimi ndiye niliyeichakachua Biblia. Yaliyowakuta wengine?

Mjukuu wa Katekista
Yamenikuta. Wa kwangu alibishana na babu yake mpaka mzee akaomba maji.

Pwani Mchangani
Mwalimu, usimlaumu mtoto. Kwetu kwenye Qur'an, Suratul Qasas, ni mke wa Firauni aliyesema asiuawe. Hapo katuni imekuja upande wetu 😄 Ila kumchora Nabii na kumwekea sauti hatukubali. Malaysia waliipiga marufuku.

Nguzo ya Chumvi
Mada ni ya darasa la kanisani, mkuu.

Pwani Mchangani
Musa ni wa kwako peke yako?

Chumba na Sebule
Acheni niwape ya kwangu. Jumatatu ya Pasaka, mvua, umeme upo, nikasema leo tuangalie kitu cha Mungu. Kijana wangu ana miaka sita. Nzige, majipu, yote kayaona huku anakula karanga. Ikafika pigo la kumi, wazaliwa wa kwanza wanakufa, ila nyumba iliyopakwa damu ya mwanakondoo mlangoni inarukwa. Wanaoijua wanajua: muziki unakata, unaona mwanga tu unapita nyumba kwa nyumba, mtoto mmoja anaingia mlangoni na chungu, mara chungu kinavunjika na mkono umelala chini. Kijana akaacha karanga. "Baba, mzaliwa wa kwanza hapa kwetu ni nani?" Nikamjibu bila kufikiri, ni wewe. Akanyamaza. Nami nikaenda kulala zangu, mjinga mimi.

Saa kumi na mbili asubuhi namsikia mama mwenye nyumba anapiga kelele koridoni. Natoka, mlango wangu mwekundu! Nyanya ya kopo yote ya mama watoto, na mswaki wangu ndani ya kopo. Kapaka miimo yote miwili mpaka pale mkono wake ulipoishia, kizingiti cha juu hakukifikia. Sisimizi wameshapanga foleni. Geuka mlango wa jirani, nao umepakwa, mwepesi zaidi maana nyanya ilikuwa inaisha. Yule jirani ni Muislamu, mwanawe wa kwanza ndiye anacheza mpira na wangu. Nilikuwa nimeshika mkanda, aisee. Nikauweka chini.

Mjukuu wa Katekista
Nimecheka, halafu nimelia. Kafikiria na rafiki yake!

Pwani Mchangani
Huyo mtoto mnunulieni baiskeli.

Nguzo ya Chumvi
Mnasifia nini? Mtoto kalala na hofu usiku kucha. Zimeni TV, wasomeeni Neno.

Kibanda Umiza
Neno lenyewe umelisoma, mkuu? Lina hayo hayo, tena kwa kirefu. Afadhali katuni imepunguza. Kwenye Kutoka 2:12 Musa anaangalia huku na huku, anamuua Mmisri, anamfukia mchangani. Kwenye katuni anamsukuma tu, jamaa anaanguka kutoka juu. Steringi kasafishwa.

Mjukuu wa Katekista
Haruni nimemhurumia. Wamemfanya mwoga wa kumnyamazisha dada yake Miriamu, wakati yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa Musa. Tena hapo mbele ya Farao Musa ana miaka 80, Haruni 83. Pale wanaonekana vijana wa juzi.

Mwalimu wa Kayamba
Mwanzoni wameandika wazi kwamba kuna vitu wamejiongezea, na habari yenyewe iko kitabu cha Kutoka. Tatizo nani anasoma maandishi ya mwanzo.

Kibanda Umiza
Sisi tuliangalia ya kutafsiriwa. DJ alikuwa anaongea juu ya hayo maandishi.

Nguzo ya Chumvi
Basi angalieni nao, Biblia pajani.

Mjukuu wa Katekista
Na nyanya ya kopo juu ya kabati.

Mwalimu wa Kayamba
@Chumba na Sebule, ulimwambiaje sasa?

Chumba na Sebule
Nilimpakata, nikamwambia ile damu ilikuwa ya usiku ule mmoja, sisi Yesu alishamaliza. Akaniuliza, "Na wale watoto wa Misri ambao hawakuambiwa?" Nikamwambia tukaoshe mlango.

Pwani Mchangani
😂😂 Na mwenye nyumba?

Chumba na Sebule
Alifoka mpaka nilipomweleza maana yake. Akanyamaza, akaangalia mlango wangu, akaangalia wa jirani. Kisha akauliza, "Sasa wa kwangu mbona hakuupaka?"